Neno Baada ya Ila

Tumemzika Twaha, na kama ilivyo kawaida yetu hapa Dunda, Bagamoyo, udongo haujakauka watu wakaanza kudai hadithi. Nilikuwa nimekaa jamvini uani kwake, mgongo ukutani, sahani ya pilau mbele yangu, nahesabu vichwa ili nijue kama sufuria la pili litatosha, maana wapishi wa matanga husema litatosha mpaka dakika linapokwisha. Hesabu ya kwanza ilinipa watu arobaini na wanne. Nikahesabu tena nikapata arobaini na sita, wawili wakiwa wamefuata harufu. Idi, mtoto mkubwa wa marehemu, alikuja na birika la maji ya kunawa, akachuchumaa mbele yangu. "Baba mdogo," akasema, "umebaki wewe tu. Tupe za Pune." Mtu mmoja upande wa pili akadakia, "Atupe ile ya kupatana bei na mkata tiketi wa sinema." Watu wakacheka kicheko cha matangani, kile cha kuziba mdomo kwa kiganja. Nikawapa za sinema. Nikawapa na ya mkata tiketi, nikaipamba kidogo. Ile nyingine sikuwapa, kwa sababu Idi alikuwa bado amechuchumaa pale na birika lake, na uso aliokuwa nao ulikuwa uso wa baba yake siku ile ya simu.

Huko Pune, Uhindini, tulikuwa wanafunzi watatu katika chumba kimoja cha bweni: mimi nasoma biashara, Twaha uhandisi, na Mbwana wa Pangani, ambaye mpaka leo sijui hasa alikuwa anasoma nini, ila alifaulu. Dirisha letu lilitazama jiko, kwa hiyo harufu ya chakula tuliipata mara mbili, mara ya kwanza dirishani na mara ya pili bwaloni, na ile ya dirishani ilikuwa nzuri zaidi. Chakula kilikuwa dengu. Siku ambazo hakikuwa dengu kilikuwa choroko, na Mbwana alizitangaza siku hizo kama sikukuu. Chapati mpishi aliziweka sahanini kwa upesi wa mcheza karata, na mimi nilizihesabu mbele yake, nikazihesabu tena nikikaa, mpaka akaniita jina ambalo wenzangu wa Kihindi walikataa kunitafsiria. Tulikuwa tumefika nchi ile tukijiona tunajua lugha yao. Bagamoyo tulikuwa tumelelewa na picha za Kihindi, zikioneshwa kwenye shuka lililotundikwa ukutani, nasi tumekaa mchangani. Basi tulishuka uwanja wa ndege tukiwa tunaweza kusema vizuri kabisa "nitalipiza kisasi cha baba yangu" na "bila wewe dunia yangu ni giza", lakini hatukujua kuomba sabuni. Yaliyotuokoa ni yale maneno ambayo mababu zetu waliyachukua dukani kwao bila kurudisha: chai, gari, achari, pesa, na duka lenyewe.

Twaha alikuwa mtu wa salamu. Sisemi kwamba alikuwa na adabu, adabu hata mimi ninayo nikitaka kupunguziwa bei. Yeye salamu ilikuwa kama pumzi. Nyumbani hakuwahi kumpita mtu mzima bila shikamoo, wala mwenzake bila kumuuliza wa kwake mmoja mmoja. Kule Pune hakukuwa na wa kumwitikia, na hilo lilimsumbua kuliko dengu. Alijifunza maneno yao ya kuamkia, akawa anamsimamisha mfagizi, mwosha vyombo, mlinzi wa lango, anawauliza habari za wake zao na watoto wao. "Huyu," Mbwana alikuwa akisema, "akikutana na mwizi ngazini atamuuliza kwanza wanawe wamelalaje." Twaha hakukasirika. Alisema mtu akikuuliza habari za kwako, hata kama hajali, amekubali kwamba una kwako. Nilimwambia hayo ni maneno ya mtu ambaye hajawahi kuchelewa sinema kwa sababu ya mfagizi.

Basi jioni moja, mvua za kule zikiwa ndiyo kwanza zimeanza, msimamizi wa bweni alituma mtu kuita kutoka chini: simu, Afrika, kwa Twaha. Simu ya bweni ilikaa katika kichumba chini ya ngazi, juu ya meza yenye kufuli. Nilishuka naye, maana wakati ule simu ya nyumbani haikuwa ya mtu mmoja, ilikuwa ya wote wanaojua mahali ilikotoka. Nikabana sikio langu upande wa pili wa mkono wa simu. Alikuwa Mjomba Salehe, ndugu wa mama yake Twaha, anapiga kutoka Dar es Salaam alikokwenda kwa shughuli zake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, Twaha. Hujambo?"

"Sijambo. Habari za siku?"

"Njema. Masomo yanakwendaje?"

"Yanakwenda, mjomba. Habari za hapo?"

"Njema, alhamdulillahi. Mbona sauti yako iko mbali?"

"Niko mbali, mjomba."

"Enhe. Na yule mwenzako mbishi hajambo?"

"Hajambo, yuko hapa, anakusalimu."

"Namsikia anavyohema. Mwambie anapunguza hewa kwenye waya."

Twaha akacheka. Akamuulizia shangazi, akaambiwa hajambo. Akauliza watoto, wazima, wanakwenda chuoni. Akauliza majirani wa kulia, kisha wa kushoto. Nilikuwa nimeanza kumbonyeza ubavuni. Mama yake alimweka mwisho, kama mtu anavyobakiza mnofu wa nyama pembeni mwa sahani.

"Na mama, mjomba?"

"Tunamshukuru Mungu, mwanangu," akasema Mjomba Salehe. "Nyumbani kwema tu, ila—"

Ikaja sauti kama mchele unaomiminwa kwenye sinia, kisha haikuja sauti yoyote. Twaha akaita mjomba, mjomba, mjomba. Msimamizi wa bweni akampokonya mkono wa simu kwa upole, akausikiliza, akaurudisha mahali pake, akafunga kufuli.

Wanaotusoma kutoka bara huenda wasielewe ni kitu gani kilikatika pale. Sisi watu wa huku hatuanzi na habari mbaya. Nyumba yangu ikiungua usiku, asubuhi ukaniuliza habari za nyumbani, nitakuambia njema. Nitakuambia njema hali moshi bado uko kwenye kanzu, kisha ndiyo nitasema ila. Hizo njema zote ni jamvi tunalotandika. Mgeni mwenyewe ni ila. Mtu aliyelelewa hapa akiwa kwenye simu ya masafa husubiri neno hilo moja. Lisipokuja, hakuna kitu. Likija, unashika ukuta. Kwetu sisi Twaha alikuwa ameambiwa kila kitu isipokuwa habari. Na wakati anaondoka Bagamoyo alimwacha mama yake na kikohozi, ambacho mama mwenyewe alikiita kikohozi cha vumbi, akamkataza mtu yeyote kukiita jina jingine.

Kesho yake tulikwenda posta kuu kupiga sisi. Mjomba alikuwa amepiga kutoka ofisi ya simu ambayo hatukujua namba yake. Nyumbani kwa kina Twaha simu haikuwapo, wote tulitumia ya mwenye duka jirani. Mwanamke wa dirishani alituambia simu ya Afrika haipungui dakika tatu. Nikajitokeza mbele, hii ikiwa ndiyo kazi yangu kila mahali. Nikamwambia sisi hatutaki dakika tatu. Tunataka neno moja, salamu tulishazimaliza jana. Akanitazama kama mtu aliyeombwa auze punje ya chumvi, akaita anayefuata nyuma yetu. Tukalipa dakika tatu zote. Akajaribu, akasema Bagamoyo haijibu. Tukarudi siku nyingine, haijibu. Mara ya tatu alituona mlangoni akatikisa kichwa kabla hatujafika dirishani, na nadhani ilimuuma. Mvua za nyumbani zilikuwa zimeangusha nguzo, waya umelala. Tulipeleka na telegramu, ikafika Dar es Salaam ikakaa huko, kwa kuwa waya wa kuifikisha Bagamoyo ulikuwa ule ule. Lakini hayo ya nguzo tuliyajua baadaye. Wakati ule tulichojua ni kwamba haijibu, nami nikagundua jambo ambalo sokoni hakuna aliyewahi kunifundisha: ukitaka kupatana bei lazima kuwe na muuzaji.

Mbwana ndiye aliyeanza ule mchezo, bwaloni, siku Twaha alipokuwa hali anaitazama tu sahani. "Ila gani, kwa mfano?" akasema. "Mjomba wako ni mtu wa mashamba. Ila korosho zimepiga unyevu."

"Ila nanasi za Kiwangwa zimeshuka bei," nikasema mimi.

"Ila mbuzi wa jirani kaingia ukumbini akala kofia ya mjomba."

"Ila sukari hakuna."

"Sukari haihitaji ila," akasema Mbwana, "sukari haijawahi kuwapo."

Twaha akacheka, akachovya chapati. Akasema, "Ila dada yako kakataa mchumba." Tukashangilia, maana dada yake alikuwa hodari wa kukataa. Tukaendelea hivyo mpaka chai, tukaziokota ila zote za pwani ya kaskazini, za mnazi kuanguka, za choo kutitia, za imamu kusahau aya, na kila moja ilikuwa ndogo kiasi cha kubebwa na mtu mmoja. Kisha Twaha akaniegemea bega, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hatibu, wewe unajua kupunguza. Nipunguzie hii." Nimewahi kuombwa mengi. Nilizitazama chapati zangu, nikazihesabu.

Mtihani ulikuwa unakaribia. Kama mama yake alikuwa mgonjwa, Twaha alikuwa ameamua kuacha masomo na kwenda, na waliomlipia walikuwa wamesema wazi kwamba anayeondoka harudi. Kama mama alikuwa hajambo, kuondoka ni kumvunja moyo, kwa sababu ni yeye aliyemsukuma aje. Na kama ni lile la tatu, hakukuwa na haja ya kwenda popote. Njia zilikuwa tatu na yeye amesimama zinapogawana, hawezi kuinua mguu. Usiku tulimsikia akisali, akimwombea mama yake afya, nasi kila mmoja kitandani kwake tukiitikia amina kimyakimya.

Jumapili tukawa tunampeleka sinema. Tulikuwa tukienda tangu mwanzo, lakini sasa tulikwenda kwa nguvu, kwa sababu mle ndani kuna giza na mtu hawezi kumtazama mwenzake usoni. Sinema ya kule si ya kutazama umenyamaza. Watu hupiga miluzi, hurusha sarafu kwenye pazia shujaa akitokea, mama wazima hulia kwa sauti, wauza karanga hupita katikati ya mapigano. Shida tuliigundua Jumapili ya kwanza. Katika picha za Kihindi mama hana maisha marefu. Asipokufa hupofuka, asipopofuka hupotezana na mwanawe kwenye maonyesho. Twaha alikaa katikati yetu, mikono juu ya magoti, akamwangalia mama wa watu akikata roho kwa dakika nyingi na wimbo juu yake, nasi tulikuwa tumelipa. Jumapili iliyofuata nikaamua kuuliza kabla. Nikainama kwenye tundu la mkata tiketi, nikakusanya Kihindi changu chote, na kwa kuwa nilikuwa na kile cha picha tu, nadhani nilichosema kilikuwa, "Ee ndugu, sema kweli, je, mama atakufa?" Mkata tiketi alikuwa mzee wa mvi na miwani. Hakucheka. Akaniuliza, "Kabla ya mapumziko au baada?"

Nikamwambia wakati wowote. Akafikiri, akageuka kumuuliza mwenzake wa nyuma, wakabishana kidogo. Akasema, picha hii mama anaponea chupuchupu. Nikamwambia basi atupunguzie, kwa kuwa kama mama hafi hatupati picha nzima. Hiyo ndiyo sehemu inayochekesha matangani. Sehemu ambayo huwa siisemi ni kwamba Twaha alikuwa nyuma yangu, na alipokuwa akisubiri wale wazee wawili wamalize kubishana kama mama anakufa au hafi, alikuwa ameshika upindo wa shati langu.

Kisha ikaja barua ya dada yake. Mbwana aliipokea langoni akaileta mbio, miguu imejaa tope. Twaha akaifungua amesimama. Mama hajambo, dada aliandika, anakusalimu sana, anauliza kama baridi ya huko inataka sweta. Twaha akakaa kitandani, akaisoma tena, akaanza kutabasamu. Mimi nikaichukua bahasha, kwa ule ugonjwa wangu, nikatazama muhuri wa posta. Mbwana alinitazama ninavyotazama. Barua ilikuwa imeandikwa kabla ya ile simu, ikatembea polepole huku simu ikiruka juu yake. Nikaufunika muhuri kwa kidole gumba. Lakini Twaha alikuwa anasoma uhandisi, hakuhitaji kuambiwa. Aliichukua bahasha mkononi mwangu, akaitazama pale pale nilipotazama mimi, akaikunja. "Siku hiyo alikuwa hajambo," akasema. Usiku ule akaandika kumjibu mama kuhusu sweta. Alisema hata jibu la mtu usiyejua hali yake ni lazima.

Mvua zilikuwa zimepungua, na barua nyingine kutoka nyumbani ilikuwa bado haijafika, siku msimamizi wa bweni alipotupa ujumbe. Mzee kutoka kwetu, jina lake Shomari, amefika Bombei kutibiwa macho, amepiga simu, anawataka vijana wa Bagamoyo wafike. Ni hayo tu aliyosema? Ni hayo tu. Mzee Shomari tulimjua, alikuwa na duka la vitambaa mtaa wa pili kutoka kwa kina Twaha. Katika treni Mbwana alijaribu mzaha mmoja, ukamfia mdomoni. Twaha alikuwa dirishani, amevaa kanzu aliyoipiga pasi mwenyewe, akijipangia kwa sauti ya chini. "Nitamwamkia. Nitamuuliza macho. Nitamuuliza safari, na nani amemleta, na amelalaje. Kisha nitamuuliza." Nikamwambia ni sawa. "Mzee mgonjwa," akasema, "siwezi kumrukia." Nikamwambia hawezi kabisa.

Nyumba ya wageni ilikuwa jirani na msikiti, ghorofa ya tatu, ngazi nyembamba. Chumba kilinuka dawa na mafuta ya karafuu. Kilikuwa na kitanda kimoja, chupa ya chai, mkeka, na viatu vilivyopangwa kuelekea mlangoni. Mzee Shomari alikuwa amekaa kitandani, macho yote mawili yamefungwa bandeji, tasbihi mapajani. Aliposikia hatua zetu alijua ni nani. Akainua uso, akanyoosha mkono wa kulia mbele yake, kiganja chini, kama wazee wanavyounyoosha kupokewa. Mimi na Mbwana tukabaki kizingitini. Twaha akaingia. Alikwenda mpaka katikati ya mkeka, akasimama.

"Mama yangu yuko hai?" akasema.

Mkono wa mzee ukabaki hewani. Haukushuka wala haukusogea. Nilimwona chini ya ile bandeji midomo yake ikitafuta mahali pa kuanzia.

"Marahaba, mwanangu," akasema.

Hakuna aliyesema shikamoo. Niligeuka kumtazama Mbwana, nikidhani ni yeye aliyesema nami sikusikia, nikamkuta naye amegeuka kunitazama mimi. Mzee wa Dunda, mtu ambaye dukani kwake aliwahi kumrudisha mteja mlangoni aingie upya kwa salamu, alikuwa amemwitikia kijana salamu ambayo hakuitoa. Mzee wa kwetu hakusamehe shikamoo bure. Twaha aliyajua hayo kuliko sisi wote. Mabega yake yalishuka kabla mzee hajaongeza neno.

"Salehe alituambia amekwambia," akasema Mzee Shomari, polepole, bado mkono uko hewani. "Alisema amekueleza kila kitu kwenye simu. Alisema ulinyamaza, akajua unalia, akakuacha ulie. Mimi nimekuita nikupe pole, mwanangu. Sikujua. Wallahi sikujua kwamba ninakuja kukuzikia mama."

Basi kule Dar es Salaam Mjomba Salehe, mtu mzima, amesimama katika kibanda cha simu, alikuwa amemaliza salamu zote, amesema njema kwa ajili ya kila mtu, kisha amesimulia mauti ya dada yake mwenyewe kwenye waya uliokatika, na kimya kilichomjibu akakiona ni kilio. Na sisi Pune, muda wote ule, tulikuwa tukiitikia amina kwa afya ya mtu aliyekwisha zikwa.

Twaha akapiga magoti juu ya mkeka. Akautafuta ule mkono, akaupokea kwa mikono yake miwili, akauinamia mpaka paji la uso likaugusa. Kule chini muuza matunda alikuwa anataja bei, na mtu anamkatalia.

"Shikamoo, mzee," akasema Twaha.

"Marahaba," akaitikia Mzee Shomari, kwa utaratibu ule ule, kama vile hakuwahi kuitikia.

Shikamoo moja, marahaba mbili. Nilihesabu pale kizingitini, nikahesabu tena. Moja ilizidi, na sikujua tumrudishie nani.